Nilivyompeleka Mfaransa mlango wa mizigo hapa Doha

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Hili lilinikuta mimi mwenyewe na sitaongeza chumvi.

2014 nilikuwa security kwenye tower moja pale The Pearl. Mimi ni mtu wa Tanga.

Asubuhi moja akaja jamaa mweusi, kavaa kandambili, kabeba maboksi mawili. Nikamwonyesha mlango wa nyuma, ule wa mizigo. Supervisor wetu alikuwa mkali, mlango wa mbele ni wa wapangaji tu.

Jamaa akasema kwa Kiingereza, "Mimi ndiye mpangaji."

Akatoa passport na mkataba wa kupanga. Mfaransa, engineer, ghorofa ya kumi na mbili.

Complaint moja tu narudishwa Tanga. Na kilichoniuma zaidi, mweusi mwenzangu ndiye niliyemzuia.

Nikaomba radhi. Simu yake ikaita, akaanza kuongea na mama yake. Si Kifaransa, si Kiarabu, ila nilikuwa nadaka neno hapa na pale.

Alipomaliza nikamuuliza, "Samahani bosi, hicho ni Kingazija?"

Akaniangalia weee, halafu akacheka. Anaitwa Nassur. Wazazi wametoka Ngazija, kule Komoro, yeye kazaliwa Marseille.

Akaniambia, "Ufaransa wananiuliza natoka wapi hasa. Nikienda Ngazija kwa bibi, wananiita Mfaransa. Nimetua Doha jana, na wewe unanipeleka mlango wa nyuma."

Nikabeba boksi moja, tukapanda lift ya mbele.

Kesho yake supervisor akaniita. Nikajua basi tena. Kumbe Nassur alipita ofisini kwake, akasema nilimpokea vizuri. Basi.

Ijumaa nikampeleka mtaa wa Fereej Bin Mahmoud kwa Bi Zuhura, Mzanzibari aliyekuwa anatupikia siku za off. Jamaa anaongea Kingazija, sisi Kiswahili, tunasahihishana, kila mtu anajiona ndiye mwenye lugha.

Bi Zuhura akamuuliza, "Kwenu wapi, mwanangu?"

Nikaona uso wa Nassur umebadilika kidogo. Akajibu polepole, "Marseille, mama."

"Haya. Watu wa Marseille mnakula pilipili?"

"Tunakula."

Akaongezewa pweza. Hakuna aliyemuuliza tena.

Mimi nimejifunza hivi: mtu akikutajia kwao, mwamini jibu la kwanza. Lile neno "hasa" linaumiza.

Mlioko nje, nani kati yenu alishamzuia mwenzake mlangoni kama mimi? Tuambizane bila aibu, mimi nimeshatangulia.