Kitu cha Juu ya Shamba la Pamba

Wakati wa Wabelgiji, kila nyumba ya kwetu Kabambare ililazimishwa kulima pamba ya Leta, yaani serikali. Asubuhi moja, jua limeshapanda, nilikuwa napalilia na mama mkwe. Yeye ndiye aliyekiona kwanza: kitu cha duara, cheupe kama sufuria mpya, kimesimama hewani juu ya kilima cha shamba letu, hakina mabawa wala mlio. Tulikitazama mpaka shingo zikauma. Kisha kikaondoka upande wa Lualaba, kwa mwendo ambao ndege za wazungu hazikuwa nao.

Tulimwambia msimamizi wa pamba. Siku ya tatu tukaitwa ofisini kwa Leta. Mzungu aliuliza, karani akatafsiri na kuandika. Ukubwa gani? Kilitoa moshi? Tulijibu mpaka koo zikakauka, tukatia dole gumba kwenye karatasi. Nilipouliza chenyewe kilikuwa nini, mzungu alifunika kalamu yake.

"Anasema mutapewa jibu," karani akatuambia. "Na musiongee na watu."

Mama mkwe alikuwa mtu wa kushika neno, akanyamaza. Palizi ikaisha, pamba ikachumwa, jibu hakuna. Nikarudi ofisini. Karani akasema lilikuwa puto la kupimia hewa. Niliporudi tena, ilikuwa ndege iliyotoka Kindu. Mara ya tatu hakunikaribisha hata kukaa.

"Mama, hamukuona kitu."

"Kama hatukuona, dole gumba letu mulilitaka la nini?"

"Karatasi iko Bukavu."

"Basi nisomee yaliyoandikwa."

"Iko siri ya Leta."

Siri ya macho yangu mwenyewe. Nilifika nyumbani na hasira, nikamweleza mama mkwe. Jumapili, watu walipotoka misani, alisimama mlangoni mwa kanisa akasimulia yote kwa sauti. Nilidhani watamcheka. Fundi wa baiskeli akasema, "Mimi pia niliitwa." Mjane mmoja akasema naye alitia dole gumba. Mpaka tunatawanyika tulikuwa watu saba, kila mmoja alifungwa mdomo peke yake, kila mmoja akijiona mwendawazimu.

Kesho yake tulikwenda ofisini wote saba. Karani alituona kwa dirisha, akafunga mlango kwa ndani. Tulikaa kwenye ngazi mpaka adhuhuri. Mama mkwe alibisha kila mara, polepole, kama mtu aliyekuja kumjulia hali jirani.