Koti la Picha la Mama Studio

Zamani mtu alioga kwanza ndipo akapigwa picha. Siku hizi anapigwa akiwa anatafuna, na wanasema hiyo ndiyo hali halisi.

Jirani yangu Mama Studio alirithi kazi kwa mumewe, rafiki yangu, ndiyo maana aliniita shemeji. Chumba kimoja, pazia la bluu, kioo chenye ufa, na koti jeusi msumarini kwa asiye na lake. Nusu ya wanaume wa mtaa huu walipeleka posa na picha ya koti hilo.

Simu zilipoua studio, hakukaa kulia. Karibu na miaka sitini akajifunza kompyuta kwa binti yake, akapata duka la ng'ambo linalouza picha mtandaoni kwa magazeti na matangazo. Alinieleza kwamba humo Waafrika walikuwa wa aina mbili tu: mwenye njaa na anayeichekea kompyuta. Wakamwagiza picha ishirini za mafundi kazini. Zikipendeza, watampa kazi ya mwaka mzima. Bila hiyo, kamera ingebaki kabatini.

Mimi ni fundi saa, ingawa saa zenyewe wamebaki nazo wazee wenzangu. Siku aliyoahidi kuja kunipiga picha nikaoga, nikanyoa, nikaliazima lile koti kwa binti yake. Akanikuta mezani, tai shingoni, lenzi jichoni. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Shemeji, unatengeneza saa au unaoa?"

"Nikionekana huko, wasije wakadhani sina watu."

Akapiga.

Duka likapokea kumi na tisa, yangu ikarudi. Fundi wa kweli, waliandika, havai hivyo. Airudie kabla ya Ijumaa, la sivyo kazi hakuna. Nilivua koti mwenyewe, nikachukua aproni yangu yenye madoa. Akanishika mkono.

"Vaa koti lako, shemeji. Nikikuvua nitakuwa nimempiga mtu wao, si wewe."

Akawapelekea ileile. Kazi ikaenda kwa mwingine. Siku hizi nani anatema tonge kwa ajili ya heshima ya mzee?

Mara ya mwisho nilimwona mbele ya kibanda cha muuza mboga, kamera imetoka kabatini, iko shingoni. Jua lilikuwa linapanda na kuiharibu picha, naye alilijua hilo kuliko mimi. Hakuharakisha mtu. Ndani, muuza mboga alikuwa bado anatafuta hereni ya pili.