Nani Alikuwa Analegeza Uzi wa Gitaa la Kwaya?

Kuna mtu alikuwa anaingia kwenye chumba cha vyombo vya kwaya yetu na kulegeza uzi mmoja wa gitaa. Mmoja tu. Ule mnene wa juu.

Haibi kitu, havunji kitu. Analegeza uzi, anaondoka zake.

Msinicheke. Yamenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Tabora, na nimekaa nayo miezi miwili kabla ya kupata moyo wa kuyaandika.

Naitwa Samweli. Kwetu ni Ziba, ila nilihamia mjini kuuza duka la dawa za mifugo la mzee mmoja anaitwa Omari. Nimepanga chumba Isevya. Mke sina, ndugu mjini sina, na mtu wa kuniambia "njoo tule" ndiyo kabisa sina.

Kanisani waliposikia najua gitaa, wakanipa gitaa la solo. Tangu mpigaji wao aondoke, lilikuwa limelala kwenye mfuko wake.

Sasa siri yangu ni hii. Mimi ni mtu wa roki. Tena roki ile nzito, metali yenyewe, magitaa yananguruma na mwimbaji anaimba kama anagombana na jirani. Siku moja nilimsikilizisha dada yangu Janeti. Akatoa spika masikioni, akaniangalia.

"Hii nyimbo, au mashine ya kusaga imekufa?"

Tabora nzima sikuwahi kukutana na mwingine anayesikiliza. Unajua kupenda kitu kinoma halafu huna wa kumwambia? Unafurahi peke yako, na furaha ya peke yako haikai. Inauma, we acha tu.

Ndiyo maana ule uzi ulinichanganya.

Kila Jumamosi nikifika mazoezini nakuta umeshuka sauti moja nzima. Haupungui, hauzidi. Kwa mtu wa kwaya, hilo gitaa limeharibika. Kwa mtu wa metali, hivyo ndivyo wapigaji wengi wanavyotega uzi ule ili gitaa lingurume.

Wiki ya kwanza nikakaza. Ya pili nikakaza. Ya tatu nikakaa chini kwenye spika, nikacheka peke yangu kama chizi.

Nina mwenzangu!

Sikumwambia mtu. Nikachana karatasi, nikaandika: "Wa kwanza kwangu ni Tony Iommi. Wewe je?" Nikaiweka kwenye mfuko wa gitaa.

Kwa msiomjua, Iommi ni mpiga gitaa wa metali; alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani akiwa kijana. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akavivaa vidoleni, akaendelea kupiga. Mimi mtu wa hivyo namvulia kofia.

Jumamosi iliyofuata, uzi umelegezwa. Na karatasi nyingine ipo.

"Jimi Hendrix."

Nikajibu: "Yule wa mkono wa kushoto! Mimi wa pili ni Randy Rhoads." Wiki iliyofuata nikajibiwa: "Brian May." Yule aliyetengeneza gitaa lake nyumbani akisaidiwa na baba yake.

Tukaenda hivyo miezi mitatu. Mwenzangu alikuwa na mwandiko mbaya, herufi kubwa kubwa kama za mtoto wa darasa la pili anayeogopa fimbo. Tena hakuwa na maneno. Anaandika jina tu, basi.

Siku moja nikamuuliza wazi: "Wewe ni nani?"

Akajibu: "Unakula vizuri?"

Nilicheka mpaka mpiga besi akaniuliza kulikoni. Nikasema moyoni, huyu jamaa ana utani wa hatari. Usiku ule nilipika wali na maharage, nikala nikiwa na furaha, maana kuna mtu ameniuliza.

Halafu wiki moja ikaja karatasi yenye jina nisilolijua.

"Gerson."

Gerson? Nikaingia mtandaoni. Nikatafuta Gerson mpiga gitaa, Gerson wa metali, nikapekua mpaka kifurushi kikakata. Nikaambulia wacheza mpira wa Brazili. Nikajibu: "Huyu simjui. Nisaidie."

Likarudi jina lile lile. "Gerson." Na wiki iliyofuata, "Gerson."

Uvumilivu ukanishinda. Jumatano nikamwomba mzee Omari ruhusa, nikaenda kanisani mchana. Ufunguo huwa unawekwa chini ya chungu cha maua. Nikaingia, nikakaa kwenye kiti, mgongo mlangoni, nikawa napiga taratibu bila umeme huku nasubiri. Nilikuwa nimeshapanga cha kusema. "Mwana, umenisumbua sana, twende tukale mishikaki."

Mlango ukafunguliwa. Nikasikia ndoo ikiwekwa chini polepole.

"Gerson?"

Sauti ya mama mtu mzima.

"Gerson, mwanangu. Umenenepa."

Jamani, nilitamani nisigeuke. Nilitamani niwe huyo Gerson, hata kwa dakika moja tu.

Nikageuka.

Alikuwa mama anayefagia kanisa. Kila Jumapili nampita mlangoni, "Shikamoo mama," "Marahaba," huyo nimeshapita. Hata jina lake sikulijua.

Nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba," akaitikia kwa mazoea, machozi yanamtoka.

Nilimpisha kiti, nikakaa sakafuni. Anaitwa Agnetha. Gerson ni mwanawe wa pekee, ndiye aliyekuwa anapiga solo kabla yangu. Kwaya ikimaliza, kijana anabaki, analegeza uzi mnene, anapiga za kwake.

"Nilimwambia hizo ni kelele za shetani," akasema. "Nikamwambia achague, gitaa au nyumba yangu. Nilidhani atachagua nyumba."

Gerson akapanda treni ya Mwanza. Huu sasa mwaka wa sita. Simu haipatikani, na hakuna aliyerudi kutoka huko aliyewahi kumwona.

Akanyoosha kidole kwenye kichwa cha gitaa. Pembeni ya kikazio cha ule uzi kuna mkwaruzo wa msumari.

"Alama yake hiyo. Mimi muziki sijui. Nazungusha mpaka hapo tu, ili akirudi akute tayari. Tangu uje wewe, naukuta umekazwa."

"Na majina, mama?"

"Kwenye daftari lake. Amewaandika wote anaowapenda. Nilipoona karatasi yako ina jina la kwanza la daftari, nikajua amerudi, anaona haya kuja nyumbani. Hao watu hapa mjini nilidhani anawajua Gerson peke yake."

Na mimi nilidhani nawajua peke yangu.

"Hukuwaza kuwa ni mimi?"

Akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Niliwaza. Ila nilitaka awe yeye. Daftari lilipoisha, nikaandika jina lake, labda ataitika."

Kisha akauliza hao watu ni akina nani hasa, maana amewaandika miezi mitatu hamjui hata mmoja. Nikatoa simu, nikamwekea Iommi, nikamsimulia habari ya vidole. Alisikiliza ameinamisha kichwa, hakukunja uso.

"Vidole vimekatika, na bado akapiga?"

"Ndiyo, mama."

"Na mama yake alimwachia?"

Nikamwambia sijui.

Siku hizi Jumapili baada ya ibada nakula kwake. Anapika ugali na mlenda, ananiongezea bila kuniuliza. Lakini kiti kinachotazama mlango hanipi. Nami siwezi kukiomba.

Mji wetu huu umezoea wapitaji tangu enzi za misafara, na sisi tumejifunza kusalimia huku tunatembea. Nimetafuta rafiki mwaka mzima kumbe nampita mlangoni na ndoo yake. Ukimsalimia mtu, simama kidogo usikie anavyoitikia.

Na nilipoanza kuandika nilitaka mnitajie wapigaji wenu watano bora, lakini acha nimtaje wangu. Namba moja wangu wa sasa sijawahi kumsikia akipiga hata mara moja.

Gerson, kama hii imekufikia, mama amesema njoo nyumbani na gitaa. Uzi nimeacha kuukaza siku hizi, napiga kwaya kwa nyuzi tano zilizobaki. Ule mnene uko pale pale kwenye alama yako.