Vipande Vinane vya Mashati ya Marehemu

Kipande kilichopotea kilirudi chenyewe.

Nilikuwa nimekitafuta siku tatu. Chini ya meza, nyuma ya cherehani, mpaka kwenye ndoo ya takataka. Siku ya nne nafungua mfuko wa vipande, nakikuta juu kabisa, kimepigwa pasi, kimekunjwa vizuri. Na hakikuwa peke yake, vilikuwa viwili.

Nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kingo zake zote zilikuwa na matundu ya sindano.

Maana yake kuna mtu alikichukua, akakishonea kitu, akakifumua, halafu akakirudisha. Nimeibiwa mara nyingi kwenye maisha yangu, lakini mwizi wa namna hiyo sikuwahi kukutana naye.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha kazi nilikuwa natumia na mwenzangu mmoja, tunamwita Mama Pacha. Meza mbili, pasi moja, kioo kimoja cha wateja. Miaka sita tumekaa hivyo. Yeye alikuwa anashona sare za shule ya jirani, mimi nashona chochote kinachoingia mlangoni.

Mwalimu Mkuu wa hiyo shule ndiye aliyeniletea kazi iliyonitoa jasho. Mumewe alikuwa amefariki. Akaja na mashati yake kumi na mawili, akayaweka mezani moja moja.

"Nataka blanketi la viraka," akasema. "Binti yangu anakwenda kusoma mbali mwisho wa mwezi ujao. Akijifunika huko, ajue yuko na baba yake."

Nikamwambia hakuna shida, Mwalimu. Mdomo wangu huu una haraka kuliko akili.

Yale mashati yalikuwa ya pamba, yamefuliwa mpaka yamekuwa laini, karibu yote ya bluu ya maji yenye mistari myembamba. Nikatoa vipande themanini na kimoja vya mraba, kila kimoja shibiri moja. Hakikubaki hata cha akiba, maana kola na viwiko vilikuwa vimeshalika.

Shida ilikuwa mistari. Mwalimu alitaka inyooke kutoka ukingo hadi ukingo, kama vile blanketi zima ni kitambaa kimoja. Na pamba ya zamani inavutika. Nikishona huku mistari ikikutana, kule imeshahama. Safu ya nne niliifumua mara tatu.

Mara ya tatu nililia. Mtu mzima, na miwani yangu, nalia juu ya mashati ya mume wa mtu.

"Kikipotea au kikiharibika kipande kimoja cha marehemu," nikamwambia Mama Pacha, "namrudishia Mwalimu kazi yake na hii cherehani naiuza. Sifai."

"Hufai nini wewe, umechoka tu," akasema. "Liweke pembeni wiki moja. Shona vitu vidogo, vile vinavyoisha siku hiyo hiyo. Mkono ukumbuke raha ya kumaliza kitu."

Nikamsikiliza. Nikakusanya vile vipande nilivyokuwa nimefumua, nikavitupia huko na hasira zangu, nikasukuma kila kitu chini ya meza, kando ya gunia langu la mabaki.

Jamani, ile wiki ilikuwa tamu. Nilishona vishikio vya sufuria, nikashona vifuniko vya mito, nikashona vipochi vya zipu vya kuwekea penseli na vikorokoro. Asubuhi nakata, mchana nageuza, jioni nimemaliza. Nilianza kuimba tena. Vipochi vilichukuliwa hata kabla sijavipanga dirishani. Msusi wa jirani alichukua, nesi wa zahanati akachukua, karani wa posta naye, na muuza maandazi wa kona.

Nilivyorudi kwenye blanketi nilikuwa mtu mpya. Nikavuta mfuko, nikahesabu vipande.

Vinane havipo.

Nikahesabu tena. Nikavitandaza sakafuni safu kwa safu. Vinane havipo.

"Mama Pacha, hujaviona vipande vya Mwalimu?"

Alikuwa anaweka uzi kwenye bobini. Mkono ukasimama.

"Tafuta vizuri," akasema. "Vitaonekana tu."

Machale yakanicheza. Miaka sita naijua sauti yake, na ile haikuwa yenyewe. Siku tatu baadaye ndipo vikarudi vile viwili nilivyokwambia, na matundu yake.

Sikumwambia kitu. Nikajifanya sijaona, nikaanza kumchunguza.

Nikaona mambo. Kwanza, nikirudi kutoka kununua uzi namkuta anasukuma kitu kwenye droo haraka haraka. Pili, alianza kutokatoka, yeye ambaye ukimwona amesimama ujue ni saa ya kufunga. Tatu, siku moja aliiacha droo wazi nikachungulia. Nikaona kipochi. Kipochi kama changu, zipu ile ile, lakini kitambaa chake yeye na mshono wake yeye.

Mama Pacha ameanza kuniiga.

Ng'ambo ya barabara kuna fundi viatu. Huyo bwana anafanya kazi akiwa amekaa, lakini hakuna habari inayompita. Nikaenda na kiatu ambacho hakikuwa na shida yoyote.

"Huyo mwenzako," akaanza bila hata kuulizwa, "juzi nilimwona na msusi. Wananong'ona. Akapewa kitu, akakitia kwenye mkoba. Jana tena na nesi. Mimi simo, lakini kama ningekuwa wewe ningelala jicho moja."

Nikarudi dukani kichwa kinachemka. Nikaunganisha mambo mwenyewe, na kadiri nilivyounganisha ndivyo yalivyokubali. Mama Pacha anachukua vipande vya Mwalimu kidogo kidogo, anajifunza kuvishona bila kuhamisha mistari, anarudisha. Mwisho wa siku atakwenda kwa Mwalimu amwambie, mwenzangu kashindwa, nipe mimi. Sare tayari anazo. Sasa anataka na hili.

Na mimi ndiye niliyekuwa namwachia ufunguo wa chumba.

Wiki hiyo Mwalimu akapita kuangalia kazi. Mama Pacha alikuwa ametoka, kama kawaida yake ya siku hizo. Mwalimu akapitisha kiganja juu ya safu zilizokamilika. Akauliza, "Mbona hapa pako wazi?"

Ningeweza kusema natafuta vipande. Ningeweza kusema lolote.

"Mwalimu," nikasema, "naona aibu kukwambia. Vipande vinane vimechukuliwa. Na aliyevichukua tunakaa naye humu humu."

Akatazama ile meza ya pili. Vitambaa vya sare za shule yake vilikuwa vimepangwa juu yake, rundo limefika kifuani.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alifunga mkoba wake akaondoka.

Kesho yake asubuhi dereva wa shule akaja na barua fupi. Akabeba vitambaa vyote vya sare, mpaka vile ambavyo Mama Pacha alikuwa ameshachora kwa chaki. Mama Pacha aliisoma ile barua amesimama. Akaikunja. Akanitazama, kisha akachukua ufagio akaanza kufagia pale vitambaa vilipokuwa.

Nilitegemea nifurahi. Sikuweza kushona hata mshono mmoja mpaka mchana.

Mchana huo vikarudi vipande viwili vingine.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira hasa. Yaani sare zimekwenda, na bado anaendelea na mchezo wake. Nikahesabu: vimerudi vinne, bado vinne. Nikasema huyu nitamshika na kidhibiti mkononi.

Siku ya pili nikaaga kwamba nakwenda sokoni kutafuta pamba ya kujazia. Nikazunguka nyuma ya majengo, nikaibukia kwa fundi viatu, nikakaa nyuma ya rafu yake ya soli. Hazikupita dakika ishirini, huyo karani wa posta anakuja. Mama Pacha akatoka mlangoni. Akampa kipochi kutoka kwenye ile droo, kipya. Karani akampa kipochi kingine, cha zamani. Wakaagana.

"Umeona?" fundi viatu akasema.

"Twende. Utakuwa shahidi wangu."

Tukavuka barabara. Nikasukuma mlango bila kugonga. Mama Pacha alikuwa ameinama, wembe mkononi, amekigeuza kile kipochi ndani nje na anafumua bitana, kile kitambaa cha ndani. Na ile bitana ilikuwa ya bluu ya maji, yenye mistari myembamba.

"Nimekushika," nikasema. "Leo utasema unafanya nini na nguo za marehemu."

Hakushtuka. Akaweka wembe chini, akanisukumia kile kipochi juu ya meza.

"Kitazame," akasema. "Kitazame vizuri, ni cha nani?"

Nikakitazama. Mwisho wa zipu palikuwa na mishono mitatu ya kurudi nyuma, ile ninayoweka mimi ili isifumuke. Upande wa ndani wa bitana palikuwa na maandishi ya penseli. *Safu ya 4, cha 6.* Mwandiko wangu, na nne yangu iliyopinda.

Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

Ile siku ya kulia nilivitupa vipande vilivyofumuliwa bila kutazama. Mfuko wa Mwalimu na gunia la mabaki vilikuwa bega kwa bega chini ya meza, vyote midomo wazi. Vinane vikaingia kwenye gunia. Na humo ndani mlikuwa na miraba ya bluu niliyowahi kukatia mifuko ya mashati ya mteja, nayo nimeiandika kwa penseli. Fundi kitambaa cha nje anakichagua, anakirudia, anakiweka kifuani mbele ya kioo. Bitana anaokota kilicho karibu. Nakumbuka hata nilifurahi kwamba vina saizi tayari, sihitaji kukata.

Mwizi wa marehemu nilikuwa mimi. Vipochi vinne, vipande vinane.

Fundi viatu akakumbuka ameacha kiatu cha mteja juani. Akaondoka.

"Nilikiona kwa msusi," Mama Pacha akasema. "Kafungua atoe kitana, nikaona ule mstari. Nikasema nikikwambia utarudisha kazi na kuuza cherehani, ulishaapa. Basi nivikusanye kimya kimya, nibadilishane nao kwa vipochi vyangu, vikitimia nikuambie tucheke. Hapo nilikosea, ningekwambia tu siku ile ile uliponiuliza."

"Na sare?" nikauliza. "Sare zilipochukuliwa mbona hukusema?"

"Barua iliandikwa kwamba nimedokoa vipande. Ukiniondoa mimi, aliyejua kwamba vimepotea alikuwa mmoja tu. Nikasema ngoja, atanifuata aniulize. Nikangoja jana. Nikangoja leo." Akachukua wembe wake. "Ukaenda kumuuliza fundi viatu."

Nilikwenda shuleni kwa miguu siku hiyo hiyo. Nikamweleza Mwalimu kila kitu, nimesimama mbele ya meza yake kama mwanafunzi mtoro. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kazi ya sare nimeshampa fundi mwingine, na ameshakata," akasema. "Siwezi kumnyang'anya mtu wa watu kwa sababu wewe ulisema una hakika. Blanketi malizia."

Kipochi cha nne tulikifuata kwa muuza maandazi, na blanketi nililimalizia kwa wakati. Vile vinane niliviweka katikati na matundu yake, na kila mshono ulioshindikana Mama Pacha alishika upande wa pili ili kitambaa kisivutike. Mistari ilinyooka. Binti alipojaribu kujifunika alizika uso humo ndani, hakutaka kuutoa. Sikuweza kutazama.

Jioni hiyo Mama Pacha akaanza kufungua skrubu za cherehani yake kutoka mezani.

"Nimekuomba msamaha," nikasema.

"Nami nimekusamehe, mwenzangu. Kweli kabisa." Aliendelea kufungua. "Ila nikibaki hapa, kila siku nitakuwa najieleza hata nikichelewa chooni. Sitaki kuzeeka hivyo."

Nikamshikia mlango akapita na cherehani yake.

Mpaka leo meza ya pili iko tupu. Wamekuja mafundi watatu kuiomba, nimewakatalia wote, sijui namngoja nani.

Wewe unayesoma hapa, huenda kuna mtu umeshaanza kumhesabia nyendo zake. Kabla hujampelekea habari mtu wa tatu, nenda kamuulize yeye mwenyewe, mtazamane. Jibu lake litakuuma dakika tano. Mimi nimeumia miaka miwili, na bado bitana zangu zote nazigeuza mara mbili kabla ya kushona.