Siku Nilipomfungia Mama Nakundwa Meza ya Bwana

Jamani, chekeni sasa hivi mmalize, maana nikishaanza sitaki mtu wa kunikatiza, na aibu yenyewe haijanitoka mpaka leo. Nikipita sokoni hapa Same kuna mama mmoja muuza nyanya ananiita "Mchungaji", na wateja wake wote wanageuka kunitazama, wakati mimi si mchungaji wala sijawahi hata kuongoza sala ya chakula bila kugugumia. Mimi ni Kajiru, fundi kompyuta wa ushirika wetu wa wakulima, tena siku yenyewe ninayoisema nilikuwa bado niko kwenye majaribio ya kazi, nasubiri kuthibitishwa.

Ushirika wetu una ofisi kubwa hapa mjini na ofisi ndogo mbili huko juu, moja Msangeni na moja Myamba. Ya Myamba anaikaa Mama Nakundwa, na huyo lazima niwaeleze vizuri. Ni mama wa makamo, anapima tangawizi na maharage ya watu, anaandika kwenye kompyuta, na kila jioni anatutumia hesabu za siku huku Same. Ni mzee wa kanisa, ni sauti ya kwanza kwaya, na kwa kuwa usharika wao hauna kompyuta, matangazo ya Jumapili anayachapa yeye kwenye ile ile ya ofisi. Mimi ananiita mwanangu. Nikipanda kwenda kumtengenezea printa (ambayo mara nyingi haijaharibika, imeisha karatasi tu) siruhusiwi kugusa kitu mpaka nimekula makande, na nikisema nimeshiba ananiuliza kama huko mjini nimeshaanza kujiona.

Basi mwaka huu tukaziwekea kompyuta zote mfumo mpya. Mfumo ukakubali vizuri, ila ulipoingia ukazifuta sheria zote za zamani, zile za kuamua nani achomeke fleshi, nani asichomeke, skrini ijifunge baada ya muda gani, mafaili gani yatoke ofisi moja kwenda nyingine. Kuziandika upya moja moja ni kazi ya wiki nzima, na mimi mnanijua, njia ya mkato nainusa kutoka mbali. Nikaingia mtandaoni kutafuta zilizokwisha andikwa, zile templeti, nikazikuta chungu nzima, za bure, mtu huko duniani kazipanga kila sheria mahali pake, wewe kazi yako ni kuzipakia tu kwenye sava, ile kompyuta kuu, nayo inazisambaza. Na raha iliyonimaliza kabisa, kulikuwa na mahali pa kuchagua lugha, na Kiswahili kilikuwemo! Kilikuwa Kiswahili kile cha mashine, kimenyooka kama kimepigwa pasi, lakini nani alikuwa na muda wa kukisoma? Ijumaa mchana bodi inakaa, mimi natakiwa kuwaonyesha mfumo mpya, halafu meneja wetu, Bi. Tumaini, awaombe wanithibitishe. Nikaona nimebarikiwa.

Nilikuwa na akili kidogo iliyobaki, nikasema hizi sheria nizijaribu kwanza kwenye ofisi ya hapa peke yake. Kwenye sava nilikuwa nimezipa ofisi zote majina yake, Same, Myamba, Msangeni. Templeti ilipofika pale pa kuuliza sheria hizi zimhusu nani, nikaliona neno "Same" limekaa pale kwenye machaguo, nikalibonyeza bila hata kupumua. Sasa ndugu zangu, Kiingereza nakijua, nimekisomea, najua kabisa kwamba neno hilo, ambalo mashine ilisahau kulitafsiri, kwa Kiingereza maana yake ni sawasawa, yaani wote vile vile, bila kubagua. Lakini mtu aliyezaliwa Same akiliona neno Same hasomi Kiingereza, anaona kwao. Nikaenda kupiga pasi shati.

Ijumaa asubuhi sheria zikasambaa ofisi zote tatu. Yule kijana wa Msangeni, kompyuta ilipomgomea alisema mtandao umekata akaenda kunywa chai, na mpaka leo namshukuru kwa uvivu wake. Mama Nakundwa yeye si mtu wa kuacha kazi. Alikuwa na kiporo cha hesabu za jana yake, akabonyeza kuzituma, na skrini ikageuka nyeusi yote, katikati maandishi meupe makubwa: NAKUNDWA, KUSHIRIKI KWAKO KUMEZUIWA. WASILIANA NA MSIMAMIZI WAKO.

Mashine ilikuwa na maana yake. Kushiriki, kwa Kiswahili cha mashine, ni kupeana mafaili, na msimamizi ndiye mwenye kuilinda mitambo, yaani mimi. Sasa mchukue mwanamke wa Kilutheri wa Myamba, mzee wa kanisa, wiki ya maandalizi, Jumapili kuna Chakula cha Bwana, na kanisani kushiriki ni kukipokea hicho, matangazo ya kanisa yako kwenye kompyuta hiyo hiyo na mwenyekiti wa tawi la ushirika ni mzee mwenzake kanisani, halafu mwandikie kwa jina lake kwamba kushiriki kwake kumezuiwa na aende kwa msimamizi wake. Huku kwetu msimamizi ni mmoja tu, ni yule aliyesimama nawe siku ya ndoa, na ukipelekwa kwake ujue mambo ya nyumbani kwako yameshafika mbele ya watu.

Na mambo yalikuwepo, ya aina ile ambayo kanisani yanamfungia mtu Meza. Hayo mimi sikuyajua (niliyajua baadaye, pamoja na bodi nzima). Mumewe, Baba Mbazi, alikuwa amempa rafiki yake wa kule Jipe beberu wa mkewe, beberu ambaye mke mwenyewe alimlea kwa mkono wake tangu akiwa kitoto, bila kumuuliza. Tangu hapo wakanuniana, watoto wameshakuwa watu wazima hawapo nyumbani, wao wawili wakawa wanazungumza kupitia paka. "Paka, mwambie bwana wako uji unapoa." "Paka, mwambie mama nimeshauona." Kanisani wanakaa benchi moja wanaimba kitabu kimoja, na Mama Nakundwa alijua fika kwamba hakuna mtu aliyegundua. Sasa skrini imegundua.

Alifunga ofisi na wakulima wako kwenye foleni na magunia yao. Hakunipigia mimi, kwa sababu kwake mimi ni fundi, sijawahi kuwa msimamizi wa mtu (na hata angepiga, simu nilishaizima kwa heshima ya bodi). Akaenda kwa Bibi Elieshi, yule bibi aliyesimamia ndoa yao, akamlilia. Bibi Elieshi akauliza swali moja tu, maandishi hayo yametoka wapi, akajibiwa yametoka Same, makao makuu. Akachukua kitenge chake na mkongojo, akaamuru Baba Mbazi afuatwe shambani kama alivyo, wakaomba gari la mwalimu mmoja, wakateremka mlima wote watatu. Njia nzima, ninavyoambiwa, aliyekuwa akiongea ni bibi peke yake.

Mimi huku nimesimama mbele ya bodi, shati limenyooka, projekta inawaka. Wajumbe wamekunywa chai, wamekula mihogo, wananitazama kwa upole, na Bi. Tumaini ananitikisia kichwa kama mama anayemwona mwanawe anasoma shairi shuleni. Nikanogewa. Nikapandisha sauti.

"Waheshimiwa wajumbe, kuanzia leo hakuna mtu yeyote atakayeshiriki bila ruhusa ya msimamizi. Na msimamizi mwenyewe ni mimi."

Mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Bibi Elieshi amesimama pale na mkongojo wake, nyuma yake Mama Nakundwa macho yamevimba, na nyuma kabisa Baba Mbazi na buti zake za shambani zenye udongo mwekundu. Bodi nzima ikainuka, shikamoo bibi, shikamoo mama, bibi akaitikia marahaba moja ya wote, na kiti alicholetewa hakukitazama.

"Hebu rudia hapo, kijana. Msimamizi ni nani?"

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Hawa wawili walipofunga ndoa, mimi ndiye niliyesimama nao madhabahuni. Wewe ulisimama wapi?"

Jamani, ningesema nini? Sikuwa hata nimezaliwa.

"Nakuuliza kwa wema," akasema. "Aliyekupa mamlaka ya kumfungia mwanangu Meza ya Bwana ni nani? Askofu?"

Bi. Tumaini akanigeukia polepole. "Kajiru, umefanya nini?"

Nikaanza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama. Nikasema kushiriki ni mafaili, bibi akauliza mafaili na mwili wa Bwana vinakutana wapi. Nikasema ni sheria za templeti, akauliza huyo Templeti ni mtu wa usharika gani. Ndipo nikafanya kosa la mwisho, nikasema ngoja niwaonyeshe kwa macho kwamba ni mambo ya kawaida tu ya ofisi, nikabonyeza kutuma faili, kwenye projekta, ukuta mzima. Ukuta ukawa mweusi, na herufi zenyewe ndefu kuliko mtu mzima: KAJIRU, KUSHIRIKI KWAKO KUMEZUIWA. WASILIANA NA MSIMAMIZI WAKO.

Bibi Elieshi alivaa miwani yake, akasoma taratibu mpaka mwisho, akaivua.

"Na wewe umekosana na nani?"

Hapo bodi ilianguka. Mwenyekiti alilaza kichwa mezani, mjumbe mmoja akapaliwa na muhogo, Bi. Tumaini akajifunika uso na ajenda za kikao, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kucheka kile kicheko cha mtu aliyekwisha. Kisha nikamwona Mama Nakundwa. Yeye hakucheka. Alikuwa anautazama ukuta.

"Kwa hiyo si mchungaji aliyeandika?" akaniuliza.

"Si mchungaji, mama. Ni mashine."

"Na hakuna mtu aliyewaambia mambo ya nyumbani kwangu?"

"Hakuna mtu anayejua lolote, mama."

Nilipolisema hilo ndipo nikaona nilichomfanyia. Siri aliyoifunika wiki zote zile ameifunua mwenyewe, mbele ya bodi na meneja, na nyuma yake amesimama mumewe mwenye buti za shambani, kwa sababu ya kijana aliyeona uvivu kusoma mstari mmoja wa Kiswahili. Chumba kizima kikakiona kile nilichokiona mimi, na kila mtu akatafuta pa kuweka macho. Mama Nakundwa akashika ncha ya khanga yake akaanza kuikunja na kuikunjua.

"Mama Mbazi," mumewe akasema.

Hakugeuka.

"Mama Mbazi, yule beberu nilikosa. Alikuwa wako. Nilipaswa kukuuliza, sikukuuliza, na nilipoona umekasirika nikaona aibu kurudi nyuma."

"Mbele ya watu wote hawa ndiyo unaniambia?"

"Nyumbani nilishamwambia paka," akasema mzee wa watu. "Naona hakufikisha."

Akacheka, jamani. Mama Nakundwa akacheka huku analia, akamwambia aangalie alivyochafua sakafu ya ofisi na hayo mabuti, na hilo kwa ndoa za huku kwetu ni msamaha kamili. Bibi Elieshi sasa ndipo akakikubali kile kiti, akakaa, akaulizia chai. Alipokunywa akanyoosha mkongojo kuelekea kwangu akaiambia bodi kwamba kijana huyu hana ubaya, tatizo lake ni mdomo umetangulia akili. Bi. Tumaini akaandika kitu, akasema habari ya kunithibitisha wataizungumza nikishawasiliana na msimamizi wangu.

Jioni ile ile nilizing'oa sheria zote kwenye sava. Jumapili nikapanda Myamba, nikakaa benchi la nyuma kabisa. Wakati wa Meza ulipofika nikawaona wanainuka pamoja, Baba Mbazi amevaa koti, amemshika mkewe kiwiko kwenye ile ngazi moja ya mbele, wakapiga magoti. Mimi nilishindwa kwenda. Nilikaa tu pale nyuma nikajipangusa uso nikisingizia vumbi.

Baada ya ibada nikamsubiri nje, nikamwomba radhi, maneno yote niliyoyapanga njiani yakanipotea nikabaki na "nisamehe mama" tu. Akanishika mkono.

"Mwanangu, ungekuwa uongo ningekupigia simu nikakugombeza. Niliposoma yale maneno, nilijiona. Nilikuwa nije leo kupokea na moyo ule ule wa kununa, na nisingeona vibaya. Hilo ndilo lililonitisha."

Nikampokea kitabu chake cha nyimbo nikambebea mpaka nyumbani.

Walinithibitisha baadaye, kwa kura zote (mwenyekiti aliomba nisionyeshe kitu chochote kwenye projekta). Sheria za kompyuta sasa naziandika mwenyewe, moja moja, na kazi inachukua wiki kweli. Templeti nikiiona mtandaoni nageuza uso. Na kila maneno yatakayotokea kwenye skrini ya mtu, hata yale ya kusema printa haina wino, nampigia kwanza Mama Nakundwa nimsomee. Ananisikiliza mpaka mwisho, halafu ananiuliza, "Na hapo, mwanangu, unamsema nani?"