Vyumba Vitatu vya Wayunitariani wa Maskati

Ivan alipopiga simu kusema wanafukuzwa, Rachael alikuwa kwenye duka la dobi huko Khuwair ya Kusini, akipiga pasi kanzu za wateja. Ivan ni muuguzi, mtu wa Kisii, na ndiye katibu wa kundi lao dogo la Wayunitariani. Alisoma barua polepole. Kanisa lililokuwa likiwaazima chumba ndani ya kiwanja cha makanisa lilikuwa limechagua wazee wapya, na wazee hao hawakutaka kukaa chini ya paa moja na watu wasiokiri Utatu. Watoke kabla mwezi haujaisha.

"Sawa," alisema Rachael, akaigeuza kanzu upande wa pili.

Lilikuwa jibu lake la kila kitu tangu Januari, mume wake Ochieng alipoanguka kazini kwa maradhi ya moyo, akafa. Alimsafirisha, akamzika kwao Rongo, Kenya, siku ya kumi na mbili akarudi kazini Maskati. Watu walimsifu kwa kujikaza. Hakuwa amejikaza. Mwili mzima ulikuwa umekufa ganzi, basi. Chakula alikila kwa sababu saa ya kula imefika.

Ivan alikuwa na ombi. Kabla hawajatawanyika, Rachael aandike historia ya kundi lao, ipelekwe kwa wenzao Kenya. Waanzilishi walikuwa saba; wawili walirudi nyumbani, mmoja alikwenda Qatar, wawili walihamia makanisa yenye ngoma, na Ochieng alikuwa amefariki. Aliyebaki ni Rachael peke yake. Rachael alisema sawa, akanunua daftari.

Akaanza na chumba cha kwanza walichokutania, kwa kuwa kilikuwa karibu. Kilikuwa sebule yake mwenyewe, juu ya duka la mshonaji. Ochieng, fundi wa viyoyozi, aliipata imani ile Kisii alipokuwa akijifunza ufundi: kwamba Mungu ni mmoja, si watatu, na Yesu ni mwalimu wa kufuatwa. Ijumaa mchana, siku ya mapumziko huko, watu saba walikaa sakafuni, wakasoma, wakabishana, wakala ugali. Sasa pale pamekuwa saluni ya wanawake. Msichana mmoja alimuuliza kama anataka kupakwa rangi ya kucha. Rachael alikataa, akasimama kidogo mlangoni, akaandika: miaka miwili.

Chumba cha pili kilikuwa Ghubra, na huko hakutaka kwenda. Kilikuwa ghala nyuma ya nyumba ya Mzee Sleyum, Mwomani aliyezaliwa Unguja. Ochieng alikwenda kumtengenezea kiyoyozi, mazungumzo yakafika kwenye dini, na mzee akasema watu wanaosema Mungu ni mmoja yeye hawezi kuwakatalia kivuli. Wasome, wazungumze, ila wasiimbe majirani wakasumbuka, na viatu wavue nje.

Mwezi ule ule kundi lilipohamia ghalani, binti yao Akinyi, wa miaka minne, aliyekuwa akilelewa Rongo na nyanya yake, mama wa Ochieng, alikufa kwa malaria. Ruhusa ya kusafiri haikupatikana kwa wakati. Alizikwa wao wakiwa Maskati. Rachael alilia mpaka sauti ikapotea. Ochieng hakudondosha chozi; kesho yake alibeba ndoo ya rangi akaenda kupaka lile ghala. Jambo hilo Rachael hakumsamehe. Waliishi pamoja miaka minane mingine, kwa adabu, bila kulitaja.

Mzee Sleyum alikwisha fariki. Mlango ulifunguliwa na mjane wake, Bi Masouda. Rachael alimwamkia, akaketishwa, akaletewa kahawa na halua, akaeleza habari ya daftari. Bi Masouda alimpa pole ya mume, kisha akamwongezea kahawa.

"Mwanangu, nna neno," alisema. "Sleyum alinikataza kulisema, lakini sasa yeye na mumeo wote hawapo. Mumeo alikuja siku ya pili ya msiba wa mwanenu na rangi yake. Kapaka kidogo, kisha nikasikia sauti. Kaweka kipaji cha uso ukutani, analia. Sleyum kaingia, kakaa naye kitako mpaka alasiri. Kesho yake kaja tena. Siku tisa, mwanangu. Ukuta ule mmoja kaupaka mara nne."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema wewe ukimwona analia utaanguka moja kwa moja. Alisema mmoja wenu lazima asimame."

Rachael alingoja machozi. Hayakuja. Alimaliza kahawa, akaomba akione chumba. Kilijaa magodoro na friji mbovu. Aliweka kiganja ukutani, chokaa ikamwachia vumbi, akauliza upana wa chumba ni mita ngapi. Bi Masouda alimtazama, kisha akamwambia hajui, wakapime kwa hatua. Wakapima.

Ijumaa ya mwisho walifika wanne kwenye kile chumba cha tatu, cha kuazimwa. Rachael aliwasomea kurasa zake sita. Alipofika Ghubra alisoma: "Chumba kilikuwa hatua tisa kwa sita. Ukuta wa nyuma aliupaka Ochieng peke yake, alipokuwa akimlilia binti yetu. Mimi sikujua." Ivan aliinamisha kichwa. Mama mmoja alitoa leso. Rachael aliwasubiri, kisha akaendelea na mwaka uliofuata. Walipomaliza walipanga viti, wakafagia, wakamrudishia mlinzi ufunguo. Siku hizi wanne hao huzungumza kwa simu kila Ijumaa, anayeweza husoma kitu.

Jioni ya Ijumaa ile ya mwisho Rachael alimpigia mama mkwe wake Rongo. Hakuwa amepanga la kusema. Alimwambia tu kwamba mwanawe alimlilia Akinyi siku tisa, na mahali alipolilia, na mzee aliyekaa naye.

"Nirudilie," alisema mama mkwe. "Polepole."

Rachael akarudia, kwa Kijaluo, tangu mwanzo, na alipomaliza akaombwa tena, akarudia tena, hadi simu ya mama mkwe ikaisha chaji.