Alama Chini ya Taya

Binti yangu anapofungua kasha la fidla, harufu ya ule utomvu mkavu anaoupaka kwenye upinde hunirudisha kwenye fleti yetu ya zamani, ghorofani katika mtaa wa Cedar, huko ughaibuni. Mama mdogo alikuwa akiishi nasi, akisoma chuo kikuu. Jioni moja alipovua mtandio, mama akaiona alama chini ya taya lake la kushoto, nyekundu, kama ngozi iliyofyonzwa.

Mama akashuku papo hapo. Alikuwa mpenzi wa riwaya za mapenzi, na humo mwanamke mwenye alama shingoni ana bwana. Tangu siku hiyo hakufua mtandio wa mdogo wake bila kuunusa. Akanipa na mimi.

"Wasikia harufu gani?"

"Kama ubani."

"Huu si ubani wetu. Yuko mtu."

Jumamosi akaazima nikabu kwa jirani, tukamfuata mama mdogo, tukavuka daraja nyuma yake, theluji ikilia chini ya viatu. Chuoni akaingia chumba kimoja, akafunga mlango. Mama akaninyanyua nichungulie kwenye kioo cha mlango. Mama mdogo alikuwa peke yake, kafumba macho, fidla kaibana pale pale penye alama, akipiga muziki wa Kizungu, wa polepole.

Nikamwambia mama. Nilidhani atacheka; sikujua bado kwamba kwake muziki ni haramu. Aliketi kwenye benchi la ukumbini, akaivua nikabu, akaikunja taratibu mapajani.

"Heri angekuwa mwanamume," akasema. "Mwanamume tungemwozesha."